Diwani na Daftari Lake: Hotuba kwa Wakazi wa Kata ya Rugu



Neno diwani lina maana mbili katika Kiswahili, na ni nadra watu kuziweka pamoja. Diwani ni mjumbe wa baraza aliyechaguliwa na wakazi wa kata. Diwani pia ni kitabu kinachokusanya mashairi ya mtunzi mmoja. Asili ya maana zote mbili ni moja: neno la Kiajemi lililofika kwetu kwa njia ya Kiarabu, ambalo mwanzoni lilimaanisha daftari, yaani kitabu cha kuandikia majina na hesabu. Kutoka daftari neno likahamia kwenye baraza lililolitunza daftari hilo, na kutoka baraza likamfikia mtu aketiye humo. Katika miji ya Mrima, kama Bagamoyo na Saadani, diwani alikuwa mkuu wa mji kabla Wajerumani hawajatia mguu pwani.

Yupo mwana wa nchi hii aliyezibeba maana zote mbili maishani mwake. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, ambacho hadi leo walimu wa ushairi hukirejea. Miaka michache baadaye, mwaka 1960, mtunzi huyo wa diwani akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, yaani diwani aliyewekwa na madiwani wenzake kuongoza baraza lao.

Inafaa kukumbuka alikalia kiti cha mji wa namna gani. Dar es Salaam ya kikoloni ilikuwa imekatwa vipande. Wazungu walikaa Oyster Bay penye upepo wa bahari, Wahindi walikaa katikati ya mji na Upanga, na Waafrika walisukumwa Kariakoo, Ilala na Magomeni. Barabara za lami, mifereji na taa zilifuata mpaka huo huo. Kuingia kwa Amri Abedi katika ukumbi wa baraza hakukuweza kuufuta mpaka huo kwa siku moja, wala hakukaa humo muda mrefu. Mwaka 1963 alikuwa Waziri wa Sheria, na Oktoba 1964 alifariki dunia nchini Ujerumani akiwa na umri wa miaka 40. Uwanja wa michezo wa Arusha umepewa jina lake. Lakini jambo moja lilikuwa limekwisha kubadilika: mkazi wa Kariakoo aliyetaka kujua kwa nini mfereji wa mtaa wake haujachimbwa alikuwa sasa na mtu wa kumwuliza, kwa lugha yake, na mtu huyo alipaswa kujibu.

Umuhimu wa kiti hicho ulidhihirika zaidi kilipoondolewa.

Mwaka 1963 mamlaka ya kisheria ya machifu yalikoma nchini, na kwa Karagwe huo ndio ukawa mwisho wa utawala wa Abakama uliokuwapo tangu kale, tangu Rumanyika alipowapokea Speke na Grant mwaka 1861 na kabla yake. Kazi za maendeleo za wilayani zikabaki kwa halmashauri zilizochaguliwa. Halmashauri hizo zilikuwa na mzigo mkubwa na kipato kidogo. Zilijenga shule za msingi, zahanati na barabara za vumbi, na zikategemea kodi ya kichwa na ushuru wa mazao. Mnamo 1969 na 1970 vyanzo hivyo viwili vilifutwa. Kufuta kodi ya kichwa kulikuwa nafuu kwa mkulima, hilo halina ubishi. Lakini halmashauri iliyonyang'anywa mfuko haikukawia kunyang'anywa na uhai. Mwaka 1972 serikali ilitangaza Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zikavunjwa, na baadaye zile za miji zikafuata. Maofisa waliopelekwa mikoani na wilayani kushika kazi hizo wengi wao walikuwa watu wenye elimu na nia njema. Tatizo ni kwamba waliwajibika kwa wizara iliyowatuma, si kwa mtu aliyelala karibu na dampo.

Matokeo yalionekana kwanza mijini. Takataka hazikuzolewa, mifereji iliziba, barabara zikachimbika na mabomba yakavuja. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 kipindupindu kilizuka katika miji kadhaa. Ugonjwa huo hauhitaji hotuba kuueleza: kinyesi kimefika kwenye maji ya kunywa, basi. Mwaka 1978 Bunge lilipitisha sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 zikatungwa Sheria Namba 7 ya mamlaka za wilaya na Namba 8 ya mamlaka za miji, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya zikarejea kazini. Ibara za 145 na 146 za Katiba sasa zinazitaja serikali za mitaa kwa jina. Diwani wa Rugu anayeketi Kayanga leo anaketi kwa nguvu ya marejeo hayo. Waliokwisha kuwa watu wazima mwaka 1972 wangali wanakumbuka ule muongo na zaidi usiokuwa na diwani.

Haitakuwa haki kusimulia habari hii kana kwamba madiwani wote tangu hapo wamekuwa malaika. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa kwa kushindwa kazi, na mahali pake ikawekwa Tume ya Jiji iliyoongozwa na Charles Keenja hadi mwaka 2000. Wakazi wengi wa jiji waliisifu tume ile. Barabara zilitengenezwa, mapato yalikusanywa, mji ukaanza kupendeza. Wapo waliouliza, na swali lao lilikuwa la haki, kwamba ikiwa walioteuliwa wanafanya vizuri kuliko waliochaguliwa, uchaguzi ni wa nini?

Sehemu ya jibu imo katika mtaa mmoja wa jiji hilo hilo. Hananasif ni mtaa wa Kinondoni uliojengwa bila ramani, ukishuka kuelekea bonde la Mto Msimbazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kila masika yalipofika maji yaliingia ndani ya nyumba, yakibeba yaliyomo vyooni. Kubomoa na kuhamisha watu ndiyo ingekuwa njia rahisi kwa mwenye mamlaka. Badala yake, Halmashauri ya Jiji, Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine walikubali mpango ambao msingi wake ulikuwa kamati iliyochaguliwa na wakazi wenyewe. Kamati iliingia mikataba ya ujenzi. Mifereji na barabara vilijengwa kwa sururu na koleo, si kwa mitambo mikubwa, ili ujira ubaki mtaani, na miongoni mwa waliolipwa ujira huo walikuwamo wanawake wengi. Kwa ajili ya matengenezo, fedha zilipatikana kwa kutoza magari yaliyoingia mtaani na kwa kuuza maji kwenye vioski.

La kuzingatia zaidi ni wakati. Awamu ya kwanza ya kazi ya Hananasif ilifanyika madiwani wakiwapo. Awamu ya pili ilifanyika mwishoni mwa miaka ya 1990, jiji likiwa halina madiwani. Kazi haikufa kwa sababu kamati ilikuwapo, na kamati ilikuwa na daftari: nani alifanya kazi siku ngapi, saruji ilipokelewa mifuko mingapi, gari lipi lililipa. Tume iliyofanya vizuri iliondoka mwaka 2000, kama tume zote ziondokavyo. Waliobaki kuufagia mfereji ni wale waliouchimba. Hata hivyo si yote yalikuwa mema, na ni vizuri kulisema: mtaa unapopendeza kodi za nyumba hupanda, na mpangaji maskini ndiye wa kwanza kuufunga mzigo wake. Kufufua mtaa kuna wenye kunufaika na kuna wenye kulipa, na si daima watu wale wale.

Rugu si Kinondoni. Hapa mtu anakaa kwenye kibanja chake, katikati ya migomba na kahawa, na kinachoitwa mji ni senta yenye maduka, mashine ya kusaga, pikipiki zinazosubiri abiria na gulio la siku zake. Lakini senta nayo ina mfereji, ina choo cha gulio, ina kilima ambacho mvua ya vuli hukitafuna hadi gari la kahawa likashindwa kupanda. Mkazi anapomwendea diwani kuhusu kilima hicho, anapaswa kujua diwani ana nini mkononi.

Barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017, ziko chini ya TARURA. Maji vijijini, tangu sheria ya mwaka 2019, yako chini ya RUWASA, na miradi huendeshwa na vyombo vya watumia maji vya jamii yenyewe. Diwani haamuru greda liende wapi, wala hasaini hundi. Mwenye dhamana ya fedha za halmashauri ni Mkurugenzi. Diwani mwenye kuahidi barabara kana kwamba ni mali yake anawahadaa wakazi, na mkazi mwenye kumlaumu diwani pekee kwa kila shimo anamwacha mwenye shimo lake akilala usingizi. Alicho nacho diwani ni kauli katika Baraza, kura katika bajeti, haki ya kuhoji wataalamu na kudai majibu yaandikwe, na uenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambamo wenyeviti wa vijiji huketi pamoja naye na Mtendaji wa Kata huandika. Kwa maneno mengine, mkononi mwake mna daftari.

Njia ya jambo la Rugu kufika Kayanga ndiyo hii: huanzia kwenye kitongoji, hupita Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu wa Kijiji, huingia Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha hupanda wilayani. Kila hatua ina muhtasari. Jambo lisiloandikwa katika hatua moja halipo katika hatua inayofuata, hata kama wanakijiji wote walilisema kwa sauti kubwa chini ya mti. Diwani hodari anaweza kusimama barazani na kulilia kilima cha Rugu, lakini mchumi wa wilaya atafungua karatasi zake na kuuliza: kiko katika mpango wa kijiji gani, wa mwaka gani? Hapo ufasaha wa diwani huishia. Wako madiwani wanyenyekevu, wasiojua kupamba maneno, ambao vijiji vyao vimepata zahanati kwa sababu tu muhtasari ulifika kwa wakati ukiwa na sahihi zote.

Daftari hilo hilo ndilo linaloamua fedha nyingine ambayo wengi huiona kama bahati nasibu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ukarejea mwaka 2024. Kikundi kisichosajiliwa, kisicho na orodha ya wanachama wala kumbukumbu za vikao, hakipati, na kukosa kwake si lazima kuwe ni hila ya mtu. Pale ambapo kikundi kimetimiza yote na bado kimekosa bila kuelezwa sababu, Kamati ya Maendeleo ya Kata ndipo mahali pa kuuliza, na jibu liandikwe.

Upo udhaifu mmoja ambao hauwezi kupakwa rangi. Sheria inataka Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18, ukutane angalau mara moja kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Katika vijiji vingi vya nchi hii mkutano huo huahirishwa kwa sababu watu hawakufika, na watu hawafiki kwa sababu mara ya mwisho hesabu hazikusomwa. Kila upande unamngoja mwenzake. Wakati huo michango ya darasa au ya maabara inaendelea kudaiwa, risiti zinakaa mfukoni mwa mtu, na neno mchango linaanza kunuka. Diwani anaweza kulikata fundo hili kwa kuhudhuria mwenyewe, kijiji baada ya kijiji, na kukataa kufungua mada nyingine yoyote kabla hesabu hazijasomwa. Hilo halihitaji bajeti. Linahitaji viatu vya kutembelea na uvumilivu wa kukaa juani.

Wapo watakaosema kwamba muda wa kukaa mkutanoni ni muda wa kupalilia. Ni kweli, na jembe halingoji. Ndiyo sababu siku ya mkutano inafaa kupangwa na wakulima wenyewe, isigongane na gulio wala na msimu wa kuvuna kahawa. Jambo dogo kama hilo limevunja mikutano mingi kuliko siasa.

Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi, isipokuwa pale Baraza lenyewe linapoamua kuzungumza faraghani. Mkazi wa Rugu anaweza kupanda gari hadi Kayanga, akaingia ukumbini, akaketi kimya katika viti vya wasikilizaji na kumsikia diwani wake akisema, au asiposema. Tarehe hutolewa na ofisi ya Mkurugenzi, na Mtendaji wa Kata huulizwa mapema. Mihtasari ya Kamati ya Maendeleo ya Kata huwa katika ofisi hiyo hiyo ya kata, ndani ya faili lenye mwaka wake.