Miguu ikilegea ghafla: pesa ya sanduku letu iende wapi kwanza?

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa memba)



Memba wametuuliza: mtu akilegea miguu ghafla, tuchange tumpeleke mji mkubwa kwenye mashine ya kupima neva?

Kuna ugonjwa unaoitwa Guillain-Barré. Madaktari wa jeshi la Ufaransa waliuandika mwaka 1916, walipoona askari wawili waliolegea. Mara nyingi unakuja wiki chache baada ya kuhara au mafua. Kinga ya mwili inageuka na kushambulia neva, ile mishipa inayobeba amri mpaka kwenye misuli. Ganzi inaanza miguuni, nguvu zinaisha, udhaifu unapanda mikononi. Si kulogwa. Wala si konzo ya muhogo mchungu usiolowekwa ya kutosha: konzo inakaza miguu, huu unailegeza.

Mashine inafanya nini? Wanabandika waya juu ya ngozi, wanapiga umeme kidogo, wanapima unakimbia namna gani. Mkononi, neva nzima ya mtu mkubwa inapeleka amri karibu metre 50 kwa sekunde, ama zaidi. Ganda la neva likiharibika, mwendo unapungua ama unakatika njiani. Uzi wa ndani ukiumia, jibu la msuli linakuwa dogo. Hivyo docta anajua ni aina gani.

Lakini tusikilizane vizuri: wiki ya kwanza kipimo kinaweza kutoka kizuri na mtu ni mgonjwa kweli. Mara nyingine kinarudiwa kiisha wiki 2 hivi. Docta anaanza kwa kupima nguvu, kugonga goti kwa nyundo, na kutoa maji ya uti wa mgongo. Dawa ni imunoglobulini ya mshipani, ama kubadilisha maji ya damu. Zinasaidia zaidi ndani ya wiki 2 za kwanza. Hazingoji mashine ya neva.

Kinachoua haraka ni pumzi. Karibu mgonjwa 1 kati ya 4 ama 5 anahitaji mashine ya kupumulia. Mwambieni ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja. Hesabu ikiendelea kushuka, ama akipaliwa na maji, hakuna kungoja asubuhi.

Kwa hiyo tunaomba mkubali hivi: pesa ya kwanza iwe ya usafiri, siku ile ile, mpaka hospitali yenye oksijeni na inayoweza kumsaidia mtu kupumua. Kipimo cha neva kifuate. Akiwa mtoto chini ya miaka 15, RECO ajulishwe mara moja, juu lazima choo kipimwe polio, mara 2, ndani ya siku 14.

Wengi wanapona, lakini ni miezi. Miezi hiyo yote atahitaji mtu wa kumgeuza kitandani, wa kumnyoosha viungo, na wa kulima shamba lake. Pale hakuna mashine inayoweza. Ni sisi kwa sisi.

Anayekubali anyooshe mkono.