Mahojiano ya kwanza ya ualimu: tujitayarishe, tusijiuze



Mumeniomba niongee juu ya kujitayarisha kwa mahojiano ya kwanza ya kazi ya ualimu. Siongei kama mtu mwenye alishinda. Niko na diplome ya Biolojia, niko na miaka miwili ku nyumba bila kazi, na mahojiano yangu ya kwanza nilianguka. Njo maana naweza kuwaonyesha mahali shimo iko.

Ile asubuhi nilivaa shati ya mkubwa wangu, nikatoka Kadutu kwa miguu, farde chini ya mkono: barua ya kuomba kazi, CV, kopi ya diplome, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema. Makaratasi yote ilikuwa sawa. Usiku mzima nilijifunza namna ya kujisifu.

Prefe aliangalia diplome kidogo tu, akanipa chaki: "Fotosinteze. Fundisha dakika kumi."

Nikaanza kujaza ubao na formula. Sikurudilia somo iliyopita, sikuuliza swali hata moja. Inje ya dirisha kulikuwa muti ya avoka. Sikuwaza hata kuchuma jani moja ya kuonyesha. Nilifundisha sawa vile walitufundisha ku univerisite: mgongo kwa watu.

Basi ya kwanza: tayarisha somo, si hotuba. Shika programu ya leta, chagua masomo mawili, andika fishi yako: lengo, vifaa, marudilio, motivasio, uchambuzi, muhtasari, zoezi. Kisha fundisha wadogo zako ku nyumba. Kama mtoto wa miaka 13 haelewi, rudilia fishi, usimugombeze mtoto. Tena ujue utajibu nini wakikuuliza: "Utafanya nini na watoto 70 mu darasa moja?" Tangu masomo ya msingi ilianza kuwa bure mu 2019, madarasa mengi ilijaa. Usijibu "nitajikaza." Sema: nitapanga vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, nitasahihisha daftari kwa zamu.

Ya pili ni nzito zaidi. Kisha somo, prefe aliniambia: "Unaweza kuanza, lakini matrikule haiko. Tutatuma jina yako, utangoje. Kwa sasa wazazi watakupa prime kidogo. Ila benye kuomba ni wengi, uone namna ya kusaidia dosie itembee."

Wandugu, munajua ile maneno iko na maana gani. Na nitawaambia ukweli: sikukasirika. Nilianza kuhesabu. Mama yangu anauza unga ya mihogo. Niliwaza kama zamu yake ya likelemba iko karibu. Ni mu njia ya kurudi tu njo haya ilinishika.

Mutaniambia: njaa haina kanuni. Ni kweli. Lakini mwalimu mwenye alinunua nafasi atarudisha makuta yake wapi? Kwa watoto. Atauza pointi. Na mtoto mwenye alinunua pointi, kesho ataomba kazi kwa njia ile ile. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki, na leta inapaswa kutulinda juu ya ukosefu wa kazi na kuhakikisha malipo ya haki. Haki hainunuliwe mu biro ya mtu.

Kwa hiyo mu mahojiano, na weye uko na ruhusa ya kuuliza. Uliza kwa heshima: Nitalipwa na nani, leta ao wazazi? Nafasi hii iko na matrikule ao hapana? Ni nani aliitoka, na juu ya nini? Wakikubali kukuchukua, omba karatasi yenye sinyatire. Wakiomba makuta, kataa bila matusi, andika tarehe na kiasi, kisha ulete habari tuongee pamoja. Mtu mmoja akikataa, wanachukua mwingine. Wote tukikataa, watamuchukua nani?

Siku ya kwanza niko na mahojiano ingine. Fishi iko tayari. Mdogo wangu wa mwisho tayari anafasiria fotosinteze kunishinda. Jani ya avoka nitaichuma asubuhi, ikuwe mbichi. Wakinipa chaki, nitafundisha. Wakiniomba makuta, nitaaga na kurudi ku nyumba kwa miguu, sawa vile nilikuja.