Mwana wa Hanuman katika Kuta za Bangkok



Tumeombwa tuseme machache juu ya Hanumanji katika sikukuu hii ya hekalu letu. Sisi ni watu wa duka. Elimu yetu iliishia sekondari, na haya tuliyo nayo tumeyapata kwa kuuliza na kusoma usiku baada ya kufunga hesabu. Mtuwie radhi tutakapoteleza.

Wazee tuliofundisha nao darasa la Jumapili watamkumbuka kijana mmoja aliyesimama akauliza, "Ati ni kweli Hanumanji ana mtoto?" Tulimkaripia, tukamwamuru aketi. Hanumanji ni brahmachari, hakuoa wala hakumkaribia mwanamke. Swali lile tulilihesabu kuwa ni utovu wa adabu. Kijana hakuuliza tena, na haukupita muda hakuja tena.

Miaka ikapita. Biashara ya vitambaa ikatupeleka Bangkok, na siku moja mzigo ulipochelewa tukaenda kulitazama Hekalu la Buddha wa Zumaridi. Baraza inayolizunguka imechorwa ukutani picha 178, na zote zinasimulia habari za Rama! Hekalu ni la Wabuddha, lakini hadithi ni yetu. Wathai huiita Ramakien. Mji wao mkuu wa zamani, Ayutthaya, ulipewa jina kutokana na Ayodhya. Waburma walipouteketeza mwaka 1767 maandiko mengi yalipotea, na mwaka 1797 mfalme Rama wa Kwanza akaisimamia hadithi hiyo itungwe upya. Ravana wanamwita Thotsakan. Hanuman wanamwita Hanuman, naye ni mweupe pepepe.

Lakini tabia zake! Hanuman wa Wathai ni mpenda wanawake. Wakati wa kujenga daraja la kwenda Lanka, Thotsakan alimtuma binti yake Suphannamatcha, nusu mtu nusu samaki, awaongoze samaki wayaondoe mawe. Hanuman akazama kumkamata, wakaishia kupendana, na akazaliwa Macchanu, tumbili mwenye mkia wa samaki. Kusema kweli tulikasirika. Tulitaka kutoka nje, ila mwenzetu wa nyumbani, ambaye hana haraka kama sisi, akatwambia tumsikilize kwanza msimulizi mpaka mwisho.

Mtoto yule aliachwa ufukweni, akalelewa na Maiyarap, mfalme wa kuzimu, akawekwa kulinda bwawa lililo njiani. Maiyarap alipomwiba Rama usiku, Hanuman alimfuata, akakutana na mlinzi huyo mdogo. Walipigana, asipatikane mshindi. Hanuman akastaajabu, akauliza: wewe ni mwana wa nani? Mtoto akamtaja Hanuman. Hakusadiki kwamba anaye mbele yake mpaka Hanuman alipopiga mwayo, zikatoka nyota na mwezi kinywani, kama mama yake alivyomwambia. Hapo akapiga magoti. Hata hivyo hakukubali kumsaliti waziwazi yule aliyemlea. Njia alimwonyesha baba yake kwa fumbo tu. Hapo ndipo hasira yetu ilipokatika, kwani ni mtoto gani wa siku hizi angezishika haki za wazazi wawili namna ile?

Tuliporudi nyumbani tulimsimulia bibi mmoja wa jamaa yetu. Akacheka. "Huyo si Makardhwaja?" akasema. Kumbe alikuwa akikijua kisa tangu utoto wake. Hanumanji alipokwisha kuiunguza Lanka alijitosa baharini apoe. Tone la jasho lake likamezwa na samaki, na ndani ya samaki huyo akapatikana Makardhwaja, mlinzi wa mlango wa kuzimu, aliyepigana na baba yake pasipo kumjua. Jasho tu, na nadhiri ikasalimika. Kisa hiki hakimo katika kitabu cha Valmiki. Lakini huko kwetu Gujarat, katika kisiwa cha Bet Dwarka, lipo hekalu ambamo baba na mwana huabudiwa pamoja. Mara mbili tumehiji Dwarka, na mara zote mbili hatukuvuka kwenda kisiwani.

Katika puja zetu Hanumanji atabaki brahmachari, na hatumwombi mtu yeyote abadili hilo. Wathai nao hatuwezi kuwashutumu kwa dharau, maana wamemchora katika hekalu lao lililo tukufu kuliko yote.

Yule kijana sasa ni baba wa watoto watatu. Tulimwendea dukani kwake, tukamwambia kwamba swali lake lilikuwa na jibu, na kwamba sisi ndio tuliokuwa hatulijui. Alituagizia chai. Tulikaa mpaka alipofunga duka, tukimsimulia habari za Macchanu na za Makardhwaja.

Kitabu cha picha tulichonunua Bangkok tumekikabidhi kwa mwalimu wa darasa la Jumapili. Watoto waruhusiwe kukifungua wenyewe.