Vidonge vya rangi mbili bwawani

Hivi karibuni nilikuwa Uchindile, kule ambako reli ya TAZARA imekwisha kuliacha Bonde la Kilombero na inapanda milima. Mwenyeji wangu anafuga perege. Nilimkuta kando ya bwawa ameshika vidonge vya rangi mbili, hivi hivi tunavyomeza sisi, anataka kuvikoroga na pumba za mpunga.

“Mzee, nani mgonjwa?”

“Samaki, mwanangu. Wamenyong'onyea.”

Nikamwomba angoje kidogo.

Perege jike hutamia mayai kinywani. Kifaranga akianguliwa huishi kwa kiini cha yai siku chache, kisha huanza kula. Na kila anapokula humeza pia maji ya pale alipo, pamoja na bakteria waliomo. Si wote wanaopona. Tumbo la perege lina asidi kali ajabu. Mwaka 1973 mtaalamu Moriarty, aliyechunguza perege wa Ziwa George, Uganda, alieleza kuwa asidi hiyo hupasua hata mwani wa kijani-buluu. Ila asubuhi, kabla haijakolea, mwani hupita tumboni mzima mzima. Bakteria wanaovuka hapo ndio huweka makazi utumboni. Baadhi yao humtengenezea perege vitamini B12, hata hana haja ya kuitafuta katika chakula.

Sasa, makazi hayo hutegemea sana maji. Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi walitoa taarifa ya vifaranga wa perege waliolishwa chakula kimoja, lakini katika mifumo miwili tofauti ya maji. Bakteria wa matumboni mwao walitofautiana.

Dawa ile ya rangi mbili haichagui rafiki na adui. Huwaua wapishi wa samaki pamoja na wavamizi, na wanaobaki ni wale sugu. Na maji ya bwawa lile hutiririka hadi kijito ambako watu huchota kwa ndoo.

“Basi nifanyeje?” akauliza.

Tulitazama bwawa. Pumba zilikuwa zimerundikana chini, zimeoza, maji yananuka. Akasema alfajiri samaki hupanda juu kutweta. Hewa ilikuwa imewaishia! Tukazoa uozo, tukazibua mfereji, maji mapya yakaanza kuingia.

Vidonge alivirudisha mfukoni. Hakunieleza alivinunua wapi, wala kwa cheti cha nani.