Kompyuta Ikifa, Usiichome

(Maelezo haya yalitolewa na afisa wa habari wa kaunti katika baraza la wafanyabiashara wa soko, walimu na mafundi wa simu. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.)

 

Nianze kwa kukiri kwamba mimi si fundi. Nilisomea uanahabari, na kazi yangu ni kuwaletea habari za kaunti. Lakini miezi michache iliyopita nilipita nyuma ya soko jioni, nikienda kupiga picha ya mtaro uliokuwa umezibuliwa, nikakuta vijana watatu wamewasha moto. Nilidhani wanaota, kwa kuwa kulikuwa na baridi. Kumbe walikuwa wanachoma nyaya za kompyuta na chaja ili wapate shaba iliyo ndani. Mkubwa wao akanieleza vizuri kabisa: "Madam, plastiki ikishaungua, shaba inabaki safi, tunaipeleka kwa kilo." Mdogo wao alikuwa bado amevaa sare ya shule. Nilipomuuliza kama moshi haumsumbui, alisema kichwa huuma kidogo, lakini akishakula hutulia.

Picha ya mtaro sikuipiga siku hiyo.

Sikuja kuwalaumu wale vijana. Wanatafuta riziki, na vile vyombo wanavyochoma si vyao. Vilitoka kwangu na kwako, vilitoka afisini na shuleni. Tulivitupa jalalani, au tulimpa mtu wa mkokoteni tukafurahi kwamba nyumba imepata nafasi.

Acha niseme kidogo kuhusu ule moshi. Plastiki inayofunika nyaya nyingi ina klorini ndani yake. Ikichomwa kwa moto mdogo wa jalalani hutoa sumu zinazoitwa dioksini, na sumu hizo haziishii hewani. Hutua kwenye majani na udongo. Ng'ombe anakula majani, kuku anadonoa udongo, na sumu inajificha kwenye mafuta ya mwili mpaka inafika kwenye maziwa na mayai. Kwa hivyo hata wewe unayeishi mbali na lile jalala, usiseme hayo ni mambo ya wale wa nyuma ya soko.

Halafu kuna madini ya risasi. Televisheni za zamani zile zenye mgongo mkubwa, pamoja na skrini za kompyuta za aina hiyo, zina risasi nyingi ndani ya kioo chake. Ipo pia kwenye lehemu ya vifaa vya zamani na kwenye betri za magari. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi ambacho ni salama kwa mtoto. Huharibu ubongo unaokua, na uharibifu huo haurudi nyuma.

Mkidhani naleta hadithi za ng'ambo, kumbukeni Owino Uhuru kule Mombasa. Kiwanda kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari kando ya makao ya watu. Watoto wakapatikana na risasi kwenye damu. Wakazi walienda mahakamani, na mwaka 2020 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi hiyo ikaendelea kwa rufaa hadi Mahakama ya Juu. Hapo tunazungumzia mtaa mmoja na betri kuukuu, basi. Pesa hata zikilipwa zote, mtoto aliyepoteza uwezo wa kusoma hawezi kununuliwa mwingine.

Duniani, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 taka za kielektroniki zilifika tani milioni 62, na hazikufika hata robo zilizothibitishwa kukusanywa na kutumiwa upya kwa njia inayofaa. Hapa kwetu fikirieni tu yale tunayoyajua. Tangu mwaka 2016 serikali ilipeleka vifaa vya kidijitali zaidi ya milioni moja katika shule za msingi. Ongezeni taa za sola tulizonunua kwa malipo ya kidogo kidogo, ambazo betri yake huchoka baada ya miaka michache. Kuna kijiji gani hapa kisichokuwa na taa kama hiyo imekufa juu ya kabati?

Sasa walimu. Najua swali lenu, maana mmeniuliza hata kabla sijasimama: zile kompyuta zimejaa stoo tangu mwalimu mkuu aliyepita, mbona hatuwezi kuzitoa? Mnaweza. Mnachokatazwa ni kuzitoa kiholela. Hiyo ni mali ya umma, na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015 inataka kuwe na kamati ya kuondoa mali. Kamati inakagua na kupendekeza, na mkuu mwenye dhamana anaidhinisha. Mali inaweza kuhamishiwa taasisi nyingine ya umma, kuuzwa kwa zabuni au mnada, au kupelekwa kwa anayeshughulikia taka ikiwa haifai tena. Tatizo ni kwamba watu huogopa maswali ya mkaguzi, wakaona heri kufunga mlango wa stoo. Hata afisi za serikali zina ugonjwa huo, sitawaficha. Lakini kompyuta iliyokaa miaka kumi stoo imepoteza bei yake yote, na ile ambayo ingesaidia shule jirani sasa haisaidii yeyote.

Na kabla haijatoka, ondoeni kilichomo. Rafiki yangu alinunua kompyuta mnadani, akaiwasha, akakuta orodha ya mishahara ya wafanyakazi wa afisi fulani, na nambari zao za vitambulisho. Mhusika alidhani amefuta. Kufuta faili ni kama kung'oa ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu: sura zenyewe bado zimo. Mwombeni fundi aandike upya juu ya diski nzima kwa programu maalum, au aing'oe na kuiharibu. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, aliyekusanya habari za watu ndiye anayewajibika zikivuja. Kwa simu, toka kwanza kwenye akaunti zako, kisha irudishe kama ilivyotoka kiwandani, utoe laini na kadi ya kumbukumbu.

Mafundi, nyinyi naomba mniangalie. Kazi yenu ndiyo bora kuliko zote nilizozitaja, maana simu iliyotengenezwa haijawa taka. Lakini betri za lithiamu zilizovimba msizitoboe wala msizirundike pamoja kwenye ndoo. Zikigusana au zikitobolewa huwaka, na moto wake ni mgumu kuzima. Funikeni ncha zake kwa utepe, mziweke kwenye mchanga mkavu hadi mkusanyaji aje.

Mkusanyaji ni nani? Ni yule mwenye leseni ya NEMA. Mwambie akuonyeshe, mwenye nayo hataona aibu. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea na kuvunja vifaa hivi kitaalamu, na baadhi ya maduka ya kampuni za simu hupokea simu na chaja kuukuu. Shule au kikundi mkijumuika mkajaza gari moja, ni rahisi zaidi kuliko kila mtu kubeba chake.

Nanyi mtauliza, kaunti inafanya nini? Ni haki yenu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inaitaka serikali ya kaunti iwe na vituo vya kuchambua taka, na inamtaka anayetengeneza au kuingiza bidhaa abebe mzigo wake hata inapokuwa taka. Kuandika sheria ni rahisi kuliko kujenga kituo, na huko bado tuna safari. Bajeti ya kaunti ikija kwa wananchi kutoa maoni, njooni mliseme hili. Mkutano huo huwa na viti vingi vitupu.

Kuhusu wale vijana watatu, nilirudi na afisa wa mazingira. Hatukwenda na askari. Tulikwenda na fundi wa umeme aliyewaonyesha jinsi ya kuchuna nyaya kwa kisu. Inachukua muda zaidi, walilalamika, lakini shaba isiyoungua mnunuzi huipenda zaidi. Wawili wamekubali. Wa tatu bado huchoma, na yule mdogo nimeongea na mamake.

Sasa nimpishe afisa wa mazingira wa wadi, ambaye ana orodha ya wakusanyaji wenye leseni. Mwenye betri iliyovimba mfukoni, tafadhali aanze na yeye.