LAKIRI YA FUNDI NA MAISHA YA ABIRIA



Mazungumzo yetu ya leo baada ya habari yanahusu jambo ambalo kwa kulitazama mara ya kwanza laonekana kuwa la mafundi peke yao, lakini kwa hakika ni jambo la ulinzi wa maisha ya wananchi. Jambo lenyewe ni karakana zinazofunga na kurekebisha vyombo vya kupima na kudhibiti mwendo wa magari: ni nani astahiliye kupewa kibali cha kazi hiyo, atimize masharti gani, na askari aliyesimama barabarani atajuaje kwamba kazi imefanywa kwa haki.

Nchi yetu ya Rwanda ni nchi ya milima. Barabara itokayo Kigali kwenda Musanze hupanda, hushuka na kujipinda juu ya mabonde marefu. Katika barabara za namna hiyo, kosa dogo la mwendo hulipwa kwa roho za watu wengi. Tarehe 11 Februari 2025, basi la abiria lilitumbukia bondeni huko Rusiga, katika wilaya ya Rulindo, na watu wasiopungua 20 wakapoteza maisha. Si kazi ya mazungumzo haya kutamka chanzo cha msiba ule. Twautaja ili kila mmoja wetu akumbuke kwamba nyuma ya hesabu za mafundi tutakazozieleza kuna watu waliokata tiketi zao wakitumaini kufika.

Serikali haikukaa kimya juu ya hatari hiyo. Amri ya Rais ya tarehe 25 Februari 2015, iliyorekebisha ile ya mwaka 2002 juu ya usalama barabarani, iliagiza magari ya abiria yafungwe vidhibiti mwendo, na kiwango kilichowekwa wakati huo kilikuwa kilometa 60 kwa saa. Hekima ya agizo hilo ni rahisi kuifahamu. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa limezidi lile la kilometa 60 kwa theluthi moja tu ya mwendo, lakini nguvu linayoibeba, ambayo breki hazina budi kuizima au mgongano kuimaliza, hukaribia kuwa mara 1.8 ya ile ya kwanza. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha basi lililosimama ukingoni na basi lililokwenda bondeni.

Lakini amri ni jambo moja, na chombo kinachoitekeleza amri ni jambo jingine. Hapa yafaa tueleze vyombo vyenyewe. Kidhibiti mwendo hulizuia gari lisipite kiwango kilichowekwa. Takografu, ambayo hutumika sana katika malori na mabasi ya safari ndefu huko Ulaya, haizuii, yenyewe huandika. Huandika mwendo wa gari, umbali liliokwenda, saa ambazo dereva ameendesha na saa ambazo amepumzika. Cha kwanza ni kama mlinzi mlangoni, cha pili ni kama karani wa zamu. Vyote viwili, hata hivyo, vina tabia moja: havioni barabara. Hujua tu kile walichoambiwa na fundi.

Na fundi huwaambia nini? Kwenye giaboksi ya gari hufungwa kihisio kidogo kinachotoa mapigo ya umeme kadiri magurudumu yanavyozunguka. Tuseme gari fulani hutoa mapigo 8,000 kwa kila kilometa moja. Fundi hupima, hupata hesabu hiyo, kisha huiandika ndani ya chombo. Tangu hapo chombo huhesabu mapigo na kutamka mwendo. Kazi hiyo ya kukilinganisha chombo na kipimo cha kweli ndiyo wataalamu wa vipimo waiitayo ugezi. Sasa, fundi asiye mwaminifu akiandika kwamba kilometa moja ni mapigo 10,667, gari likifika mwendo wa kilometa 80 kwa saa, chombo kitaamini kwa dhati kabisa kwamba ni 60. Hakuna waya uliokatwa, hakuna taa iliyowaka, na dereva atamwonyesha askari chombo kizima kinachofanya kazi. Uongo umo katika tarakimu moja tu, na tarakimu hiyo iliandikwa karakanani.

Kuna pia makosa yasiyo ya hila. Gari lililopimwa likiwa na matairi yenye mzingo wa mita 3.00, likibadilishiwa na kuvishwa yenye mzingo wa mita 3.15, litakwenda kilometa 63 kila chombo kinaposema 60. Matairi yakilika, mambo hugeuka, na dereva mwadilifu hudhulumiwa kwa kuzuiwa kabla hajafikia kiwango chake halali. Kwa hiyo kipimo sahihi hakiwekwi mara moja kikaachwa milele. Chahitaji kurudiwa kwa muda maalumu, na kila mara sehemu inayohusika inapobadilishwa.

Ndugu wasikilizaji, majirani zetu wametangulia kuipita njia hii, na si vibaya kujifunza kwao. Nchini Kenya, Tangazo la Sheria namba 161 la mwaka 2003, lililoanza kutekelezwa Februari 2004 wakati marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, liliagiza matatu na mabasi yafungwe vidhibiti vya kilometa 80 kwa saa. Nidhamu ilirejea barabarani upesi. Lakini kadiri siku zilivyopita, vyombo vingi vilichezewa, vikabaki pambo la kuonyeshwa kwenye vizuizi vya polisi. Ikalazimu kutungwa kiwango rasmi cha vyombo hivyo, KS 2295, na mwaka 2018 kiwango hicho kikaandikwa upya ili chombo kiweze kuhifadhi na kupeleka habari za mwendo. Hapa kwetu pia Polisi ya Taifa imetangaza mara kadhaa kukamatwa kwa madereva na mafundi walioshukiwa kuvuruga vidhibiti mwendo. Funzo ni kwamba kununua chombo si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kukilinda kisiharibiwe na mikono ile ile iliyokifunga.

Nchi za Ulaya, ambazo zilianza kuagiza takografu kwa kanuni ya mwaka 1970 na kuingia katika takografu za kidijitali tarehe 1 Mei 2006, zimelitafakari jambo hili kwa miaka mingi. Zilikwisha kuona madereva wakibandika sumaku kwenye kihisio ili chombo kidhani gari limesimama. Kwa sababu hiyo kanuni yao namba 165 ya mwaka 2014 haimwangalii dereva peke yake. Yaiangalia karakana, na masharti yake yanastahili kutajwa moja moja.

Kwanza, karakana haifanyi kazi hiyo mpaka serikali iipe idhini, na jina lake liwe katika orodha rasmi. Mafundi wake sharti wawe wamefundishwa, na vipimo vyake navyo viwe vimepimwa. Pili, kila fundi hupewa kadi ya karakana yenye namba ya siri, ambayo uhai wake hauzidi mwaka mmoja. Bila kadi hiyo chombo hakikubali kubadilishwa, na kikibadilishwa huhifadhi kumbukumbu: nani alikigusa, siku gani, tarakimu ya zamani ilikuwa ipi, na mpya ni ipi. Tatu, kazi ikiisha hufungwa lakiri yenye alama ya karakana, na kibati hubandikwa chenye tarehe, mzingo wa tairi na hesabu ya mapigo. Nne, chombo hukaguliwa walau mara moja kila miaka 2, na pia baada ya matengenezo, baada ya kubadili ukubwa wa matairi, au saa yake ikikosea kwa zaidi ya dakika 20. Kosa la umbali linalovumiliwa siku ya kufunga halizidi asilimia 2, na gari likiwa kazini asilimia 4. Tano, karakana zenyewe hukaguliwa, na kila mwaka sehemu isiyopungua asilimia 10 hutembelewa bila taarifa. Sita, na hili ndilo zito kuliko yote, kampuni ya usafirishaji haiachiwi hivi hivi kuyapima magari yake yenyewe, kwa maana mwenye mali hawezi kuwa hakimu wa mali yake.

Hatusemi kwamba Rwanda ichukue kanuni za Ulaya neno kwa neno. Hali zetu ni tofauti na uwezo wetu ni tofauti. Lakini msingi wa masharti hayo hauna uraia. Auzaye chombo, akifungaye na akihakikishaye wasiwe mtu mmoja. Nchi yetu ina vyombo vya kuitenganisha kazi hiyo: ipo Mamlaka ya RURA inayosimamia leseni za usafirishaji, lipo Shirika la Viwango, RSB, lenye maabara zake za vipimo, na ipo Polisi ya Taifa yenye Kituo cha Ukaguzi wa Magari kilichoanzia Remera. Kinachotakiwa ni kwamba vyombo hivyo vishikamane kama minyororo ya daraja, ili fundi aliyeweka tarakimu ya uongo akutane na jicho la pili, na jicho la pili likutane na la tatu.

Haja hiyo inazidi kukua kadiri biashara ya Afrika Mashariki inavyokua. Lori lipitalo Rusumo kuja Kigali limetoka Dar es Salaam, safari ya karibu kilometa 1,500. Mwendo wa kasi si hatari pekee anayokuja nayo dereva wake. Yupo pia adui mwingine asiyeonekana, nao ni usingizi. Kidhibiti mwendo hakina habari na usingizi. Takografu inayo. Siku ambayo nchi za Jumuiya zitakubaliana kuyahesabu masaa ya madereva kwa kipimo kimoja, swali la kwanza litakuwa hili hili la leo: lakiri ya karakana ya nchi moja itaaminiwa na askari wa nchi ya pili?

Sasa twarudi kwenu, ndugu askari. Wengine miongoni mwenu waliotumikia misheni za Umoja wa Mataifa, Sudan Kusini au Jamhuri ya Afrika ya Kati, wamewahi kuendesha magari yenye chombo kiitwacho CarLog, ambacho humtambua dereva kwa kadi yake na kuandika mwendo wake. Hamkuona kuwa ni fedheha kuandikwa. Mliona kuwa ni nidhamu. Na kila askari ajua kwamba bunduki ambayo shabaha yake haikurekebishwa humhadaa mlengaji hodari, na risasi ikienda pembeni lawama humwangukia yeye. Chombo cha kupima mwendo ni vivyo hivyo.

Kwa askari wa usalama barabarani, jambo hili lina maana ya kazi za kila siku. Usitosheke kuuliza kama kidhibiti kipo. Tazama lakiri kama ni nzima. Tazama tarehe kwenye kibati na jina la karakana, na kama matairi yaliyofungwa ndiyo yaliyoandikwa. Linganisha kile chombo kisemacho na kile ulichokipima wewe barabarani. Na zile kamera ambazo wakazi wa Kigali wamezipachika jina la Sofia nazo hazina budi kupimwa, kwa sababu mwananchi anayetozwa faini ana haki ya kujua kwamba kipimo kilichomhukumu nacho kimehukumiwa. Ushahidi wa chombo kisichopimwa ni ushahidi dhaifu mbele ya mahakama, nao huivunjia heshima sheria yenyewe.

Aidha, tukimkuta dereva na chombo kilichovurugwa, tusiishie kwake. Mara nyingi nyuma ya dereva yuko tajiri anayedai hesabu kubwa ya kila siku, na nyuma ya tajiri yuko fundi aliyelipwa faranga chache afumbe macho. Kumkamata dereva na kumwacha fundi ni kukata tawi na kuliacha shina. Kesho fundi yuleyule atavuruga magari mengine kumi. Na iwapo itatokea kwamba askari mwenyewe ameiona lakiri iliyovunjika akanyamaza kwa kupewa kitu kidogo, basi huyo ajue kwamba ameuza kile alichoapa kukilinda.

Tangu mwaka 2019 kampeni ya Gerayo Amahoro imewahimiza Wanyarwanda wote wafike salama waendako. Maneno hayo mawili hayatatimia kwa mabango peke yake. Yatatimia pale fundi katika karakana iliyopewa idhini atakapoandika tarakimu ya kweli na kuifunga kwa lakiri yake, mkaguzi akaihakiki bila upendeleo, na askari akaiheshimu na kuilinda barabarani. Abiria aliyeketi kiti cha nyuma hana njia ya kuikagua kazi hiyo. Ametuachia sisi.