Pazia Ndani ya Jicho
Maneno kwa Walimu na Washarika Wote Siku ya Yubile

Wenzetu wamekwisha kunena habari za makanisa yaliyojengwa na shule zilizofunguliwa. Sisi tuliopewa kazi ya kuangalia wagonjwa twaomba kunena habari ya kitu kidogo sana: utando ulio nyuma ya jicho, uuonao mwanga na kuupeleka habari zake kwenye ubongo. Unene wake katikati ni yapata robo ya milimita tu. Matabibu huuita retina.

Twaanza na kosa letu wenyewe. Mwalimu mmoja wa kanisa alitujia akasema, "Naona vimulimuli katika jicho la kulia, na kama masizi yaelea mbele yangu." Tukamtazama. Jicho halikuwa jekundu, wala halikumwuma. Tukamwambia, "Umechoka kwa kusoma usiku, pumzika, mavuno yakiisha utakwenda hospitali." Akatii. Baada ya siku chache kivuli kikaanza kupanda kutoka chini kama pazia, naye akaona haya kutusumbua tena. Ikapita miezi mitatu ndipo alipofika kwa tabibu wa macho. Alipasuliwa, utando ukarudishwa mahali pake. Lakini kwa jicho lile haoni ila nuru na kivuli cha mkono. Maneno yetu ya upole ndiyo yaliyomchelewesha.

Basi ni nini kilichotokea? Ndani ya jicho mna ute mzito kama ute wa yai. Mtu akiendelea kuwa na umri, ute huo husinyaa na kuuvuta utando. Pengine mpira au tawi la mti hulipiga jicho. Utando ukichanika, maji hupenya katika tundu na kuubandua, kama chokaa ibandukavyo katika ukuta wenye unyevu. Ukisha kubanduka hukosa chakula chake, ukaanza kufa. Nao hauna maumivu, kwa hiyo haupigi kelele. Hatari kubwa ni hiyo.

Zamani hakuna mtu aliyeweza kutazama vema ndani ya jicho la mtu aliye hai. Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz, mtaalamu wa Ujerumani, alitangaza chombo chake kiingizacho nuru katika mboni na kumwezesha tabibu kuuona utando. Hata hivyo, aliyebanduka utando alikuwa karibu hana tumaini. Jules Gonin wa mji wa Lausanne, katika Uswisi, ndiye aliyefundisha ya kuwa shina la ugonjwa ni lile tundu: kwanza litafutwe, mahali pake papimwe, kisha lizibwe kwa moto. Wengi hawakumsadiki, lakini katika miaka ya 1920 wagonjwa wake walioona tena wakawa ushahidi. Tangu hapo kanuni ni ile ile: tafuta tundu, ulizibe.

Vyombo ndivyo vilivyobadilika. Tundu likionekana kabla utando haujabanduka, mara nyingi nuru kali ya leza hutosha kulizunguka na kulifunga. Mwaka 1970 Robert Machemer, aliyekuwa Miami katika Marekani, alianzisha njia ya kuingia ndani ya jicho na kuukata ule ute uvutao. Siku hizi tabibu huingia kwa matundu matatu madogo katika weupe wa jicho, naye pengine hujaza hewa maalumu ili iubane utando mahali pake. Mgonjwa aliyewekewa hewa hiyo hulazwa au huinamisha kichwa kama alivyoagizwa, wala asipande ndege wala milima mirefu mpaka aruhusiwe, kwa maana hewa hutanuka na kuliumiza jicho.

Tena tangu mwaka 1991 kiko chombo kipigacho picha ya tabaka za utando kwa nuru, bila kisu wala maumivu. Mgonjwa huweka kidevu mahali pake na kutazama alama. Tabibu huona tabaka zile kama kitunguu kilichokatwa. Picha za namna hii zafaa sana kwa wenye kisukari, kwa maana ugonjwa huo hudhuru mishipa midogo ya utando kabla mtu hajajua. Kwa hiyo mwenye kisukari na achunguzwe nyuma ya jicho kila mwaka, hata akiona vema.

Lakini ndugu, chombo hakimfuati mtu nyumbani kwake. Matabibu wa kazi hii ni wachache katika nchi zetu, nao wako mbali. Twawasihi basi, walimu: mtoto akipigwa jicho, msiseme "litapoa." Wazee: mtu akisema ameona mimweko ya ghafula, au masizi mengi, au pazia, apelekwe siku ile ile, wala asingoje mavuno wala sikukuu. Na kama hana nauli, sanduku la kanisa lifunguliwe.

Mwawakumbuka wale wanne waliomchukua mwenzao aliyepooza, wakalitoboa paa ili wamfikishe kwa Bwana. Wao hawakumponya, kazi yao ilikuwa kumfikisha. Mwalimu wetu yule yuko hapa leo, ameketi kati yenu, naye ametupa ruhusa kusema haya. Kwake sisi tulichelewa. Kwa atakayemfuata, tusichelewe.